Vifaa vya Kuchora Safarini: Vijaribu Kabla Hujapanda Boti ya Unguja

Mchoraji anayetoka Dodoma, Arusha au Nairobi kwenda kuchora Mji Mkongwe wa Zanzibar ajue mapema kwamba vifaa vyake vitabadilika tabia akishavuka maji. Rangi ya maji ambayo Dodoma hukauka hujamaliza kusuuza brashi, Unguja itabaki mbichi huku wewe umeshamaliza kikombe cha kahawa na kuagiza kingine. Karatasi hunywa unyevu wa hewa kabla hujaitia tone la maji, na jasho la kiganja hupaka penseli ukurasa mzima. Kununua vifaa basi ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni kuvijaribu, tena katika hali inayokaribiana na ya huko uendako.

Karatasi ndiyo ya kuanza nayo, maana rangi ghali juu ya karatasi mbovu ni hasara tupu, ilhali rangi ya kawaida juu ya karatasi nzuri hupendeza. Karatasi ya kuchapia ya ofisini ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Inatosha kwa penseli na peni, lakini ikiguswa na maji inajikunja papo hapo. Kwa rangi za maji tafuta ya gramu 300. Ya gramu 200 inavumilika kama wewe ni mtu wa rangi nyepesi, ya kupaka mara moja na kuacha. Ila uzito hausemi kila kitu. Karatasi hizi hutiwa dawa, mara nyingine jelatini, inayozuia maji yasizame moja kwa moja, na daftari lililokaa muda mrefu kwenye rafu yenye joto na unyevu hupoteza nguvu ya dawa hiyo. Kwa macho hutagundua. Chukua ukurasa wa mwisho wa daftari, paka bluu nyepesi sawasawa kuanzia juu hadi chini, acha ikauke, kisha tazama karibu na dirisha. Ukiona vidoa vyeusivyeusi, mahali rangi ilipozama kuliko pengine, daftari hilo libaki la penseli. Ukurasa huohuo utumie kujaribu raba: sugua mara kadhaa mahali pamoja, halafu pitisha brashi yenye rangi hapo. Karatasi dhaifu itatoa manyoya, na rangi itaingia kwenye michubuko na kuonyesha kila ulipofuta.

Jiulize pia unakwenda kuchora nini. Milango ya Mji Mkongwe ndiyo inayowaita wachoraji wengi, na mlango wa nakshi hauchoreki vizuri kwenye karatasi yenye chembe kubwa. Kalamu zenye ncha nyembamba za nyuzi, za milimita 0.1 au chini yake, husagika haraka kwenye karatasi ya namna hiyo. Kabla hujamaliza kizingiti ncha imeshapanuka. Kwa nakshi na misumari ya shaba ya milango yenye asili ya Kihindi, karatasi laini ndiyo yake. Kuta ni hadithi nyingine. Plasta ya chokaa iliyobanduka, ikaonyesha mawe ya matumbawe, yenye michirizi myeusi ya mvua chini ya kila dirisha, hutoka yenyewe kwenye karatasi yenye chembe: unaburuza brashi iliyokauka nusu, mikwaruzo inajitokeza bila wewe kuichora. Anayetaka vyote viwili achukue madaftari mawili madogo badala ya moja kubwa. Umbo nalo lina maana. Vichochoro vinataka ukurasa mrefu uliosimama, kwa kuwa anga ni mstari mwembamba tu kati ya nyumba mbili. Ukikaa bustani ya Forodhani ukaitazama Ngome Kongwe pamoja na Beit al Ajaib, ile iliyojengwa mwaka 1883 na sehemu yake kuporomoka Desemba 2020, utataka ukurasa mpana uliolala. Daftari linalofunguka kabisa, bila kujifunga lenyewe katikati, linakupa umbo hilo kwa kutumia kurasa mbili kwa pamoja. Jaribu dukani kabla ya kulipa: lifungue, liweke juu ya meza, toa mkono.

Kalamu ya wino usiiamini kwa maandishi ya kwenye boksi. Neno la kwamba haipati madhara ya maji mara nyingi ni kweli, lakini baada ya muda gani? Chora mistari minne: mmoja uupitishie brashi yenye maji hapohapo, wa pili baada ya dakika moja, wa tatu baada ya dakika tano, wa nne kesho yake. Fanya hivyo kwenye karatasi ileile utakayosafiri nayo, kwa sababu wino hukauka tofauti kwenye karatasi tofauti. Kisha rudia jaribio hilo bafuni, mara baada ya mtu kuoga maji ya moto na mlango kufungwa. Bafu lenye mvuke ndilo Unguja ya bei nafuu kuliko zote unayoweza kuipata ukiwa bara. Wino uliokuwa unastahimili baada ya dakika moja sebuleni, humo unaweza kuhitaji tano, na hilo ndilo litakalokuamulia kama utachora kwa kalamu kwanza na kupaka rangi baadaye, au utapaka rangi kwanza na kumalizia kwa kalamu. Wenye kalamu za kujaza wino wachunge jambo moja: wino mweusi wa kuchovya, ule wenye gundi ya laki ndani yake, usiutie humo. Ukikauka ndani, kalamu imekwisha. Na ukisafiri kwa ndege, ijaze kabisa au iache tupu, isimame ncha ikitazama juu, kwa sababu hewa iliyobaki ndani hutanuka shinikizo la nje likipungua na kuusukuma wino kwenye shati lako.

Kwenye rangi, rangi sita hadi nane zinatosha. Nitabishana na yeyote anayetaka ishirini na nne. Mji Mkongwe wenyewe, ukiutazama vizuri, ni mweupe uliochakaa, kijivu, kahawia ya mbao na kutu ya mabati. Ultramarini, ambayo kwenye tyubu huandikwa PB29, ikichanganywa na kahawia nyekundu iitwayo bant siena, PBr7, inakupa kijivu cha kila namna: cha baridi kwa vivuli vya asubuhi, cha joto kwa kuta zinazopigwa na jua la alasiri. Ongeza njano ya udongo, PY43, nyekundu moja, njano kali moja, na bluu moja inayoelekea kijani kwa ajili ya bahari. Hizo namba za rangi zisome kila mara, kwani majina ya rangi hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine lakini namba haibadiliki. Ukikuta PR83, ile nyekundu ya zambarau inayoitwa alizarini, iache dukani. Huchuja juani kama kanga ya bei poa. Rangi usiyoijua ijaribu mwenyewe: paka vipande, funika nusu kwa kadi nzito, bandika kwenye dirisha linalopata jua wiki kadhaa, halafu funua. Jaribio hili lianze mapema, kabla hata hujakata tiketi.

Kuna rangi zinazotengenezwa kwa asali nyingi ili zisipasuke. Katika nchi kavu ni raha kuzitumia. Pwani hazikauki; zinanata, na ukifunga kisanduku zinahamia kwenye kifuniko. Zijaribu bafuni pamoja na kalamu. Kama unajaza vikopo vyako mwenyewe kutoka kwenye tyubu, vijaze kidogokidogo na viache vikauke siku kadhaa kabla ya kuondoka. Ukishafika, usifunge kisanduku kikiwa kibichi, kwa sababu ukungu utaota juu ya rangi. Usiku kiache wazi mbele ya feni, umeme ukiwepo. Ndani ya begi weka vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, karibu na karatasi. Wale waliozoea kufungia kila kitu kwenye mifuko ya plastiki wakumbuke kwamba Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia miaka mingi kabla. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana linafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Brashi zisizidi tatu: nene ya duara yenye ncha inayojikusanya ikilowa, nyembamba moja, na bapa moja kwa kuta. Ichovye ile ya duara kwenye maji, ikung'ute mara moja, tazama kama ncha imerudi kuwa moja. Isiporudi, hiyo ni brashi ya kupakia gundi.

Maji ya kuchorea yawe yaleyale ya kunywa. Maji ya baadhi ya visima vya mwambao yana chumvi, na chumvi hubaki kwenye karatasi ikivuta unyevu na kuacha madoa. Chupa ya kusuuzia brashi ifunge kitambaa chekundu shingoni ili usije ukainywa, nawe ukiwa umezama kwenye kazi ni rahisi kuliko unavyodhani. Na kama safari inaangukia Ramadhani, chagua kikombe kidogo cha bati kisichofanana na cha kunywea. Mtu aliyekaa barazani mchana na chupa ya maji mkononi atatazamwa, na maelezo yatakuwa marefu.

Baraza zenyewe zitakuokolea mzigo. Kigoda cha kukunja si lazima kubeba, kwa kuwa nyumba nyingi zina viti vya mawe mbele. Ila baraza ina mwenyewe: toa salamu, omba ruhusa ya kukaa, ndipo ufungue daftari. Vifaa vyako viwe vya kupakata mapajani na kukusanywa mara moja pikipiki ikipiga honi kichochoroni.

Wiki moja kabla ya kuondoka fanya jaribio kamili. Beba begi lilelile, nenda soko au stendi iliyo karibu nawe, chora ukiwa umesimama, kisha ukiwa umekaa, bila meza. Pima muda kwa saa ya simu. Vitu ambavyo hukuvigusa siku hiyo vitoe. Uende saa sita mchana pia, ujue jua la utosini linavyoifanya karatasi nyeupe iumize macho. Dawa yake ni kofia pana. Miwani yenye rangi itakudanganya kila unapochanganya rangi. Ukifika Unguja, kazi nzuri itakuwa kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi alasiri, vivuli vinapokuwa virefu. Forodhani kuna upepo, hivyo weka vibanio viwili vya kushikia kurasa, na uvijaribu mbele ya feni iliyo kasi ya mwisho.

Wanaopanda ndege watoe kisu cha kuchongea kwenye begi la mkononi na wasibebe tapentaini, mafuta ya kuyeyushia rangi, kabisa. Kwenye ndege za kimataifa chupa za maji maji za mkononi zisizidi mililita 100. Wanaotoka Dar kwa boti wana safari ya saa mbili hivi, na daftari likae kwenye begi la mgongoni, siyo kwenye sanduku litakalorundikwa na mizigo mingine.

Kikipotea kitu, sokoni Darajani utapata penseli za shule, peni na madaftari ya kawaida. Karatasi ya gramu 300 usiitegemee, kwa hiyo kata kurasa chache za akiba uzilaze chini kabisa ya begi. Na weka peni mbili za kawaida za bluu. Wino wake ni wa mafuta, maji hayausumbui sana, na peni huandika hata kwenye karatasi iliyopata unyevu ambayo brashi imeikataa.