Kuchora ramani ya maporomoko ya ardhi: mfano wa Mlima Hanang

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, vikaingia Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa. Katesh haiko juu mlimani, iko chini yake, penye ardhi tambarare. Ukipaka rangi nyekundu kwenye miteremko mikali tu, mji wote unabaki kijani, kana kwamba ni salama. Kosa hilo nimeliona kwenye ramani nyingi, zangu za mwanzo zikiwemo.

Unahitaji kompyuta yenye QGIS, programu ya kuchora ramani ambayo ni ya bure, intaneti, na viatu vya kupandia mlima.

Hatua ya 1: Tafuta makovu

Makovu ni alama ambazo maporomoko huacha mlimani. Fungua Google Earth Pro, programu ya picha za dunia kutoka angani, urudishe picha nyuma mwaka hadi mwaka. Kisha pakua picha za setilaiti ya Sentinel-2, za kabla na za baada ya tukio. Ni za bure, na kila pikseli ni mita 10. Ziweke katika mpangilio wa rangi unaotumia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho: mimea huonekana nyekundu, na kovu hujitokeza kama mkwaruzo wa kijivu unaofuata mteremko.

Hapa wengi hudanganyika. Ukilinganisha picha ya Mei na ya Septemba, kila shamba lililovunwa litafanana na poromoko. Linganisha mwezi uleule wa miaka tofauti. Shamba huwa na kingo zilizonyooka, njia ya ng'ombe hukata mteremko kwa mshazari, lakini poromoko huteremka moja kwa moja, jembamba juu na pana chini.

Hatua ya 2: Chora kovu kwa sehemu tatu

Usizungushie kovu lote mstari mmoja. Tenga chanzo, yaani pale udongo ulipokatika, kisha njia uliyopita, kisha mahali ulipolala. Sababu utaiona hatua ya 4.

Ukimaliza, chapisha ramani uende nayo kijijini. Salimia wazee, keti, uliza mawe makubwa yaliyo katikati ya mashamba yalifikaje pale. Mzee akikuambia babu yake aliyakuta, tia alama: huenda hilo ni tope la kale ambalo setilaiti haikuliona.

Hatua ya 3: Tengeneza ramani ya mteremko

Pakua SRTM, data ya bure ya mwinuko wa ardhi iliyopimwa kutoka angani, ya mita 30. Kabla ya kukokotoa chochote, ibadilishe kutoka digrii kwenda mita. Kwa Hanang tumia UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kanda ya 36 Kusini. Ukiruka hapo, QGIS itakuambia karibu kila mahali pana mteremko wa digrii 89, hata katikati ya uwanja wa mpira.

Hatua ya 4: Pima uwezekano

Gawa mteremko katika madaraja ya ukali, kisha hesabu vyanzo vilivyo katika kila daraja. Vyanzo tu. Ukiingiza na mahali tope lilipolala, hesabu itakuonyesha kuwa tambarare huporomoka.

Tuseme una vyanzo 40, na 18 viko kwenye digrii 25 hadi 35. Hiyo ni asilimia 45. Kama daraja hilo ni asilimia 15 tu ya eneo lote, gawa 45 kwa 15, unapata 3. Chochote kinachozidi 1 maana yake daraja hilo huporomoka kuliko wastani, lipake nyekundu. Rudia kwa aina ya miamba, matumizi ya ardhi na umbali kutoka barabara zilizochongwa mlimani.

Hatua ya 5: Fuata korongo hadi kwenye nyumba

Kutoka kila eneo jekundu, fuata korongo kuelekea chini mpaka linapotoka mlimani na kutanuka. Hapo ndipo tope hupunguza kasi, likasambaa na kumwaga mawe. Hesabu nyumba, shule na madaraja yaliyopo hapo. Kama una siku moja tu ya kazi, itumie kwenye hatua hii.

Hatua ya 6: Fuatilia

Ukikuta ufa juu ya mteremko, weka alama mbili, moja kila upande, upime umbali kati yake kwa futi ya chuma. Andika tarehe na milimita. Mara ya kwanza nilitumia vigingi vya mti. Baada ya wiki mbili viwili vilikuwa vimeshapikiwa ugali, cha tatu kimefungiwa mbuzi. Siku hizi nachimbia nondo fupi kwenye zege, kichwa kikibaki usawa wa ardhi.

Weka pia kipimamvua, mtu mmoja akisome kila siku saa 3 asubuhi. Jumlisha mvua ya siku kadhaa zilizopita, kwa maana udongo uliokwisha kulowa huhitaji mvua kidogo tu kukatika. Ufa ukianza kutanuka haraka kuliko wiki iliyotangulia, mwite mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo, usingoje kuandika ripoti.

Na wanaokaa kandokando ya korongo waambie hivi: mvua inanyesha kwa nguvu huku maji ya mto yakipungua ghafla, huenda tope limeziba juu. Wasishuke kwenda kuangalia. Wabebe watoto wapande ubavuni, mbali na korongo, na ng'ombe waachwe.