Kumpata Rajabu Hamisi Unayemtaka: Kutafuta na Kuchuja Rekodi katika Gramps

Katika mti wa ukoo wetu wamo akina Rajabu Hamisi watano. Ndivyo inavyokuwa pale ambapo mjukuu hupewa jina la babu yake na jina la pili ni la baba wala si la ukoo: Rajabu humzaa Hamisi, Hamisi humzaa Rajabu, na baada ya vizazi vinne orodha inakuwa na watu ambao jina peke yake haliwezi kuwatenganisha. Maelezo haya yanahusu Gramps, programu ya bure ya kuhifadhi nasaba inayotumika katika Linux, Windows na macOS, lakini njia yenyewe inafaa pia katika programu nyingine za aina hii.

Fungua mwonekano wa Watu, kisha onyesha utepe wa vichujio ulio pembeni. Utakuta nafasi za kuandika jina, namba ya utambulisho, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki na kadhalika. Nafasi unazoziacha wazi hazihesabiwi, na zile unazozijaza hufanya kazi kwa pamoja, kwa hiyo kila unachoongeza kinapunguza majibu. Kwa sababu hiyo ni vyema kuanza na sharti moja tu, ukaona idadi ya watu waliobaki chini ya dirisha, ndipo ukaongeza la pili. Wanaojaza kila kitu kwa mkupuo mmoja hupata orodha tupu wasijue ni sharti lipi lililowafukuza watu wote.

Kwenye nafasi ya jina si lazima uandike jina zima, kwa kuwa programu hutafuta kipande cha maandishi popote kilipo, bila kujali herufi kubwa na ndogo, na hupitia pia majina mbadala uliyomwekea mtu. Hapa ndipo tahajia zetu zinapohitaji akili kidogo. Karani mmoja aliandika Hamisi, mwingine Khamis, wa tatu Hamis. Ukiandika «hamisi» utamkosa Khamis, lakini ukiandika «hamis» utawapata wote watatu, kwa sababu kipande hicho kimo katika kila tahajia. Usikate zaidi ya hapo: «ham» italeta akina Hamadi na hata akina Mohamed, ambao herufi hizo zimo katikati ya jina lao. Ukitaka kudhibiti zaidi, weka tiki kwenye kisanduku kinachoruhusu ruwaza, yaani maandishi yenye alama maalumu za kutafutia, kisha uandike ^(Kh|H)amis, ambapo alama ya kwanza inalazimisha jina lianze hapo na kistari cha wima kina maana ya «au».

Gramps inayo pia kanuni ya Soundex, inayolinganisha majina kwa sauti. Mimi huitumia kwa tahadhari, kwa maana mfumo huo, uliopewa hataza Marekani mwaka 1918, ulitungwa kwa matamshi ya Kiingereza. Huhifadhi herufi ya kwanza ya jina kama ilivyo, huacha irabu, kisha hugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu tatu. Abdallah na Abdullah hupata alama moja, A134, na hilo ni jema. Hamisi, hata hivyo, ni H520 ilhali Khamis ni K520, kwa hiyo hawakutani kamwe. Ramadhani, ambaye ni R535, hamwoni nduguye wa Kongo anayeandikwa Ramazani, kwa kuwa huyo ni R525. Wakati huohuo Mohamed na Mahmud, ambao ni majina mawili tofauti, wote ni M530. Kwa majina yetu, kipande cha maandishi kilichochaguliwa vizuri kinaishinda Soundex karibu kila mara.

Tarehe nazo zina mtego wake. Wazee wengi waliingizwa kwa makadirio, na Gramps, isipobadilishwa, huhesabu neno la «takriban» kuwa ni miaka 50 kabla na 50 baada. Aliyezaliwa takriban 1930 atajitokeza basi katika utafutaji wa 1885 na wa 1975 vilevile. Nenda kwenye mapendeleo ya programu, sehemu ya tarehe, upunguze muda huo. Mimi nimeuweka kuwa miaka 7. Tarehe za Hijria zisikutie hofu, kwani programu inaikubali kalenda ya Kiislamu na huzigeuza tarehe zake inapolinganisha: mtoto aliyeandikwa kuwa alizaliwa Ramadhani 1353 atapatikana ukichuja kati ya 1934 na 1935, maana mwezi huo uliangukia Desemba 1934 na siku za mwanzo za Januari 1935.

Utepe wa pembeni ukishindwa, tumia kihariri cha vichujio, kilichomo katika menyu ya kuhariri. Humo unaunda kichujio, unakipa jina, unakiwekea kanuni, kisha unakijaribu kabla ya kukihifadhi. Kanuni iliyonifaa kuliko zote ni ile inayochagua wazao wa mtu fulani, kwa sababu haitegemei jina hata kidogo. Ili kumpata Rajabu Hamisi wa tawi la bibi mkubwa, nilichagua wazao wa bibi huyo, nikaongeza kanuni ya jina, nikaagiza kwamba kanuni zote sharti zitimizwe, na kati ya wale watano akabaki mmoja. Chaguo la «angalau kanuni moja» hupanua majibu badala ya kuyabana. Ukitaka kuchanganya «na» pamoja na «au», unda kwanza kichujio kidogo cha «au», kisha ukiite ndani ya kichujio kikubwa kama kanuni mojawapo.

Kuchuja kwa mahali kunahitaji subira zaidi, kwa sababu majina ya mikoa hubadilika. Mkoa wa Kagera uliitwa Ziwa Magharibi hadi 1979, kwa hiyo aliyezaliwa Bukoba mwaka 1968 huenda cheti chake hakitaji Kagera popote. Usiandike mkoa kama maneno matupu. Iingize Bukoba kama mahali palipo ndani ya mkoa, na mkoa wenyewe uupe majina yote mawili pamoja na tarehe zake. Baada ya hapo unda vichujio vitatu vinavyobebana: cha kwanza cha mahali, kinachochagua sehemu zote zilizomo ndani ya mkoa huo, cha pili cha matukio, kinachochukua yaliyotokea katika sehemu hizo, na cha tatu cha watu, kinachowachagua wenye matukio hayo. Ni kazi ya robo saa, lakini haifanywi mara mbili.

Vipo pia vichujio vya usafi, kama kile cha watu wasiojulikana tarehe ya kuzaliwa na kile cha wasiounganishwa na yeyote. Hiki cha pili hufichua watu walioingizwa mara mbili.

Ukimaliza, futa masharti yote. Siku moja nilifungua orodha nikakuta watu kumi na wawili tu, nikaanza kutafuta nakala ya akiba huku mikono ikitetemeka, kumbe kichujio cha muda mfupi uliopita kilikuwa bado kimewashwa.

Kichujio ulichokihifadhi kinaweza pia kutumika unapotoa faili la GEDCOM, yaani la muundo wa data za nasaba unaosomwa na programu nyingi, la kumpelekea jamaa aliye Muscat au Toronto. Kwenye dirisha la kutoa data chagua kichujio cha tawi lake, agiza rekodi za faragha ziachwe, uwazuie na watu walio hai, kisha ulifungue faili hilo katika mti mpya mtupu uhakikishe waliomo kabla hujalituma.