Mama wa Kimbuti akileta mtoto mgonjwa: namna ya kuuliza habari za kuweri

Mimi ni muuguzi kando ya barabara ya Mambasa kwenda Epulu, msitu wa Ituri, Kongo, ambako Wambuti huishi kwa kuwinda na kuokota chakula msituni. Haya ni kwa muuguzi mgeni aliyetumwa huku, kuhusu kuweri, yaani mnyama ambaye nyama yake huaminiwa kumletea mtoto ugonjwa, kwa hiyo ni mwiko kwa wazazi.

Mtoto akifika na homa au anatetemeka, kwanza fanya kazi yako: choma kidole upime malaria, hesabu pumzi, angalia kama ananyonya. Degedege haingoji mazungumzo. Dawa ikishaingia ndipo uulize, na usianze na "Mna miko gani?" Utajibiwa "Hakuna," basi. Uliza: "Juzi kambini mlikula nyama gani?" Kisha mgeukie baba umuulize vilevile. Wageni wengi humsahau. Kuweri humfunga baba pamoja na mama, tangu mimba mpaka mtoto apate nguvu.

Ugonjwa, kwa wanavyouona, hufuata tabia au umbo la mnyama. Kwa hiyo wakikutajia mnyama, usicheke. Uliza kwa nini huyo. Hapo watakueleza mtoto alivyojikunja au alivyolegea, na ilianza usiku upi. Andika yote. Ni maelezo mazuri kuliko mengi ninayopata kwa watu wa mjini.

Kwa wazee miko hulegea. Bibi akisema "tulikula," usidhani mama naye alikula.

Dawa ya miti iliyopakwa au kufungwa mwilini, iache. Ya kunywa ndiyo uiulize: kiasi gani, lini.

Kwenye lishe, usimwambie anayenyonyesha "kula nyama" kama bango la ukutani. Muulize ipi anaruhusiwa sasa, kisha taja samaki, maharagwe, karanga, sombe (majani ya muhogo), viwavi vya msimu, kimoja kimoja. Akikataa hiki, nenda kwenye kingine. Sisi nasi tuna mwiko wetu: asali kwa mtoto asiyetimiza miezi 12, maana yaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli. Kwa watu wanaopenda asali namna hii, ni habari nzito. Mimi huwaambia ni mwiko wa mtoto tu, wazazi waendelee kula, na hawabishani nami.

Kabla ya kuandika tarehe ya kurudi, uliza kambi inahamia wapi. Msimu wa asali ukianza familia huingia msituni ndani kabisa, kwa hiyo mpe mama dozi nzima mkononi, na baba asikie inavyotolewa.