OCaml kwenye programu inayotumika: anza na taipu, monadi baadaye

Wengi wakisikia lugha za fanksheni kama Haskell au OCaml wanakimbilia kusoma monadi (mtindo wa kuunganisha hatua za programu, mgumu kueleweka mwanzoni), wanaumwa kichwa wiki mbili halafu wanaacha. Iache kwanza hiyo. Mi natumia OCaml kazini na faida yake naiona siku ninaporudi kubadilisha kodi (sio ile ya nyumba) niliyoandika mwaka juzi na sikumbuki chochote.

Hatua ya 1: chora hali kwa taipu, yaani aina ya data unayoitunga mwenyewe. Zamani oda nilikuwa naiwekea ndiyo/hapana mbili, imelipwa na imefutwa, sasa siku moja tukakuta oda zina ndiyo zote mbili na hakuna anayejua tupeleke mzigo au turudishe hela. Siku hizi naandika hivi:

```
type oda =
  | Mpya
  | Imelipwa of risiti
  | Imefutwa of sababu
```

Oda ni moja kati ya hizo tatu, basi. Iliyolipwa bila risiti hata kuiandika huwezi, kompaila (programu inayokagua kodi na kuigeuza iweze kuendeshwa) inakataa.

Hatua ya 2: mwachie kompaila akutafutie. Baadaye tukahitaji oda za kurudishiwa hela, nikaongeza mstari mmoja tu, `| Imerudishwa of risiti`, na kila `match` (sehemu inayosema cha kufanya kwa kila hali) iliyoisahau ikatoa onyo namba 8, faili na mstari wake, yaani unapewa orodha ya kazi bila kuomba. Ila ukiwa umeweka `_ ->`, yaani "hali nyingine yoyote", ndio umemziba mdomo, hatasema kitu, na hili ndilo kosa naliona sana hata kwa wazoefu. Mpe kompaila na `-warn-error +8` ili onyo liwe kosa kabisa, maana maonyo tu watu tunayaruka.

Hatua ya 3: saa, databesi na mtandao vikae pembeni. Fanksheni ya kuamua kama oda imepitwa na muda isiite `Unix.gettimeofday` (inayosoma saa ya kompyuta) yenyewe, ipewe muda kutoka nje:

```
let imepitwa ~sasa ~mwisho = sasa > mwisho
```

Testi yake unaipa namba mbili umemaliza, hakuna databesi ya kuigiza wala kusubiri saa sita usiku.

Hatua ya 4: usiandike mfumo mzima upya kwa OCaml, tafadhali. Chukua moduli (kipande cha programu) moja inayobadilishwa kila mara na isiyogusa vitu vingi, mi nilianza na ya kukokotoa bei, zingine zikabaki zilivyo karibu mwaka mzima.