Ada za chuo kikuu: nini cha kulipa, lini, na kwa namba ipi

Nyumbani tunasema "ada ya chuo" kana kwamba ni kitu kimoja. Chuoni kuna ada ya maombi, michango ya usajili, ada ya masomo, bima ya afya na hosteli, na kila moja inasimama na bili yake. Hela ikiingia kwenye bili isiyo yake, mhasibu ataiona ipo lakini mwanafunzi bado atasomeka anadaiwa, na foleni ya kuirekebisha huwa ndefu wiki ile ile ambayo usajili unafungwa. Maelezo haya ni kwa anayejiunga na shahada ya kwanza Tanzania, hasa kwenye vyuo vya umma.

Ada ya maombi

Tangu mwaka wa masomo 2017/18 maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja, hayapitii tena mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Kwa hiyo kila chuo unachoomba kina ada yake. Vyuo vingi hutoza shilingi 10,000. Ukiomba vitatu, andaa 30,000. Ndani ya chuo kimoja hela hiyo inabeba kozi zote unazoruhusiwa kuchagua, hulipii kozi moja moja.

Hairudishwi, hata ukikosa nafasi. Soma kwanza sifa za kozi kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, ndipo ulipe. Aliyesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) akiomba uhandisi amepoteza hela yake kabla mfumo haujafungua fomu.

Mwenye stashahada anahitaji namba ya uhakiki ya AVN kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na aliyesoma sekondari nje ya nchi anahitaji ulinganifu wa cheti kutoka NECTA, Baraza la Mitihani. Vyote viwili vina gharama zake na huchukua siku. Usisubiri dirisha likaribie kufungwa.

Kontrol namba, na kinachoweza kuharibika

Malipo ya taasisi za umma hupita kwenye mfumo wa Serikali wa GePG kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo kila mtu huiita kontrol namba. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Jambo la kushika ni kwamba namba hiyo ni ya bili moja. Si namba ya chuo, wala si namba yako ya kudumu. Ya rafiki yako wa kozi ile ile haikufai. Ukiitumia, umemlipia yeye.

Unaitengeneza mwenyewe ndani ya akaunti yako kwenye mfumo wa chuo: fungua sehemu ya malipo, chagua aina ya malipo, bonyeza kutengeneza namba, subiri itokee. Wakati mwingine inachukua dakika kadhaa. Usibonyeze mara tano, maana utajikuta na bili tano zinazofanana na hujui ipi umeilipa.

Ukilipa kwa simu, piga *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, nenda kwenye malipo ya Serikali, ingiza tarakimu zote 12 bila nafasi wala nukta. Kabla ya kuweka namba ya siri, tulia usome kioo. Pale panapoonyesha jina na kiasi, linganisha na bili yako. Jina si lako, au kiasi ni kingine? Ghairi hapo hapo. Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya kuokoa hela bila kuandika barua kwa mtu.

Hakikisha salio linatosha kiasi pamoja na makato. Kwa benki au wakala, mpe namba iliyoandikwa kwenye karatasi kwa tarakimu kubwa, usimsomee kwa mdomo kwenye kelele, na usiondoke bila risiti yenye namba ya muamala.

Makosa yanayojirudia ni haya. Namba imeisha muda: bili ina tarehe ya mwisho, ikipita tengeneza mpya. Kiasi kimekataliwa: bili nyingine zinapokea hela kamili tu na nyingine zinaruhusu kulipa kidogo kidogo, soma maelezo yake. Hela imekatwa lakini mfumo wa chuo unasema bado hujalipa: tunza ujumbe wa simu, mpe mfumo siku moja, kisha peleka namba ya muamala na kontrol namba kwa ofisi ya mhasibu. Usilipe mara ya pili kwa hofu.

Vyuo binafsi vingi hutumia akaunti ya benki au namba zao wenyewe. Chukua maelezo hayo kwenye barua ya kujiunga au tovuti ya chuo. Mtu akikwambia utume ada kwenye namba yake ya simu ili "akusaidie kuharakisha usajili", huyo ni tapeli, hata kama ana picha ya nembo ya chuo.

Umechaguliwa: bado hujaanza kulipa

Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe mfupi au barua pepe. Kulipa ada hakuchukui nafasi ya kuthibitisha. Anayewahi kulipa chuo A halafu akathibitisha chuo B ana kazi ya kudai hela, kwa sababu ada haikufuati unapobadili chuo. Thibitisha, soma barua ya kujiunga mpaka ukurasa wa mwisho, ndipo uende benki.

Kupiga hesabu ya siku ya usajili

Barua ya kujiunga ina jedwali lenye mafungu mawili. La kwanza ni ada ya masomo, ambayo vyuo vingi huruhusu ilipwe kwa awamu. La pili ni michango: usajili, kitambulisho, mitihani, serikali ya wanafunzi, ada ya uthibiti ubora ya TCU ya shilingi 20,000 kwa mwaka, na bima ya NHIF ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400. Mwenye kadi hai ya NHIF kupitia mzazi awasilishe kadi hiyo ili asilipishwe tena. Hosteli ina bili yake pembeni.

Familia nyingi hukwama kwenye mkopo. Bodi ya Mikopo (HESLB) hutoza 30,000 kuomba, na fomu yake lazima itumie namba ile ile ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea chuo. Zikitofautiana, mifumo haikutambui kuwa ni mtu mmoja. Majibu yakitoka, ingia kwenye akaunti yako ya SIPA, ile ya mfumo wa Bodi, uone umepangiwa nini katika kila kipengele. Usitazame jumla tu, kwa sababu kiasi kikubwa kinaweza kuwa cha chakula na malazi huku cha ada kikiwa kidogo.

Tuseme ada ni 1,300,000 na mkopo wa ada ni 780,000. Tofauti ni 520,000, na kama chuo kinaruhusu awamu mbili, muhula wa kwanza ni 260,000. Ongeza TCU 20,000, bima 50,400 na michango mingine tuseme 75,000. Unakuja na 405,400, kabla ya hosteli na chakula.

Michango hiyo isubiri mkopo? Hapana. Bila kuilipa husajiliwi, na bila usajili jina lako haliingii kwenye orodha ya kusaini mkopo. Ada ya mkopo huenda chuoni moja kwa moja, lakini nayo inasainiwa; ambaye hakusaini, hela yake hurudishwa Bodi. Bumu la chakula na malazi, kwa kiwango cha 10,000 kwa siku, hutolewa kwa siku 60 kwa mkupuo, sawa na 600,000, ila la kwanza linaweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya kufungua chuo. Mzazi, mpe mwanao hela ya kula ya mwezi mzima.

Baada ya kulipa

Rudi kwenye mfumo wa chuo uangalie salio la kila bili, kisha maliza usajili wenyewe, yaani kuchagua masomo na kuhakiki vyeti halisi. Kuna wanafunzi hulipa kila kitu na kusahau kubonyeza usajili wa masomo, wakaligundua siku ya mtihani jina likiwa halipo. Piga picha kila risiti, maana zile za karatasi ya mashine hufutika wino baada ya miezi michache, na utaziombwa tena siku ya kuchukua cheti.