Jinsi ya Kuomba Kijiji Kiingizwe Kwenye Mpango wa Wilaya wa Dharura za Mionzi: Mtwara na Lindi

Ombi hili hutolewa na Halmashauri ya Kijiji (mijini, Kamati ya Mtaa). Hupelekwa kwa Mkuu wa Wilaya, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa kamati ya maafa ya wilaya chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022. Kishawishi ni kuruka ngazi na kuandika moja kwa moja kwenye makao makuu ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), maana huko ndiko waliko wataalamu wa mionzi. Msifanye hivyo. TAEC hupima, hushauri na hufundisha, lakini mpango wa maafa wa wilaya uko mikononi mwa wilaya, na barua yenu itaelekezwa irudi huko huko ikiwa imekwishapoteza wiki kadhaa.

Amueni kwanza mnaomba nini

Hapa ndipo ombi hupotea njia. Mtu akisikia "ajali ya nyuklia nchi jirani", mawazo yanakimbilia Chernobyl ya 1986 au Fukushima ya 2011, na barua inajaa vidonge vya iodini na mabasi ya kuhamisha watu. Msumbiji haina kinu cha umeme wa nyuklia. Kinachofanya kazi barani Afrika ni Koeberg, karibu na Cape Town, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Mtwara. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kwa vinu vikubwa unataka maandalizi ya kuhamisha watu na kugawa vidonge yafanyike ndani ya kilomita 15 hadi 30 kutoka kwenye kinu, na maandalizi ya kudhibiti chakula yafike hadi kilomita 300. Nanyumbu haimo, Kilwa haimo.

Vidonge vyenyewe havifai kuombwa kama akiba ya kijiji. Huzuia iodini ya mionzi peke yake isiingie kwenye tezi ya shingo, tena vikimezwa katika saa 24 kabla ya kukutana nayo au muda mfupi baada yake. Vikimezwa siku moja baadaye, madhara huzidi faida. Chumvi yenye madini joto haishiki nafasi ya vidonge hivyo hata ukila kilo nzima. Machi 2011 watu nchini China waligombania chumvi madukani kwa uvumi kuwa inakinga mionzi.

Kinachoweza kufika kwenu kweli ni vitu vitatu. Cha kwanza ni taarifa, ya kweli au ya uongo. Cha pili ni chakula na bidhaa zinazopita bandarini, Daraja la Umoja pale Mtambaswala au kivuko cha Kilambo. Cha tatu, ambacho kwa maoni yetu ndicho kizito kuliko vyote, ni chanzo cha mionzi kilichopotea au kuibwa, kwa sababu mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, hauzuii chuma chakavu. Vifaa vya kukagua maungio ya mabomba hutumia iridiamu-192, madini yenye mionzi, na vipo popote penye kazi za gesi na ujenzi mkubwa. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, wakusanya vyuma walibomoa mashine ya hospitali iliyotelekezwa, yenye sizi-137, madini mengine ya mionzi. Watu 4 walikufa na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi. Hapakuwa na kinu chochote kilicholipuka.

Kwa hiyo ombeni haya tu: kijiji kiwekwe kwenye orodha ya kupewa taarifa; mafunzo ya siku moja; na utaratibu ulioandikwa wa nani apigiwe kikionekana kifaa chenye kutiliwa shaka. Msiombe kununuliwa kipima mionzi. Kinahitaji kuhakikiwa usahihi mara kwa mara na mtu anayejua kukisoma, vinginevyo kitaishia kabatini kwa mtendaji, au kibaya zaidi, kitatoa namba ambayo hakuna anayejua maana yake.

Kikao na muhtasari

Itisheni Halmashauri ya Kijiji, akidi itimie, ajenda iwe na jina la ombi hili peke yake. Ikifichwa chini ya "mengineyo", wilaya itauliza kama wajumbe walilijadili kweli. Muhtasari usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, upigwe muhuri, na karatasi ya mahudhurio iambatane nao. Kisha lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji wa robo mwaka.

Viambatisho

Barua bila viambatisho ni salamu. Andaeni karatasi nne.

Ya kwanza ni ramani ya mkono: njia zote, visima, shule, zahanati, vivuko rasmi na visivyo rasmi, na kila mahali panaponunuliwa chuma chakavu. Hivyo vivuko visivyo rasmi mviweke bila kuona haya. Ndivyo vyenye maana kuliko vyote kwenye ramani hiyo.

Ya pili ni majengo ya kujikinga. Nyumba ya udongo na makuti huzuia mionzi kidogo kuliko jengo la tofali au zege. Orodhesheni majengo ya tofali yenye madirisha yanayofungika na idadi ya watu wanaoweza kukaa humo. Kujifungia ndani ni hatua ya muda mfupi, isiyozidi siku mbili hivi, basi maji na choo viwe karibu.

Ya tatu ni maji. Kwa Newala, Tandahimba na uwanda wote wa Makonde karatasi hii ndiyo roho ya ombi, maana kaya nyingi hukinga mvua ya bati. Vumbi la mionzi likishushwa na mvua huishia tangini. Andikeni matangi mangapi yana mfuniko, na mangapi yana bomba la gata linaloweza kuchomolewa kwa mkono. La kuchomoa ni kazi ya dakika mbili taarifa ikifika. Lililojengewa kwa saruji halichomoki, na wilaya inapaswa kujua. Ongezeni na upepo: kusi huvuma kutoka upande wa Msumbiji kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, kaskazi hugeuza.

Ya nne ni majina na simu za watu wanne wa kupokea taarifa, angalau wawili wawe na mitandao tofauti. Karibu na mto simu hushika mnara wa ng'ambo, hivyo mmoja wao awe anaishi mbali na ukingo.

Barua

Kichwa kikae hivi:

Kumb. Na. ……
Mkuu wa Wilaya ya ……
Kupitia kwa: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri
Kupitia kwa: Afisa Mtendaji wa Kata
YAH: OMBI LA KIJIJI CHA …… KUINGIZWA KWENYE MPANGO WA WILAYA WA KUKABILI DHARURA ZA MIONZI

Mwili usizidi ukurasa mmoja. Aya ya kwanza itaje kikao na tarehe. Ya pili itaje hatari zenu kwa majina: kivuko, bandari, wanunuzi wa chuma. Ya tatu iombe yale matatu, na iseme wazi kuwa mnaomba wilaya iwaalike wataalamu wa TAEC. Aya ya nne itaje mnachotoa wenyewe: ukumbi, chakula cha mchana, watu wa kufundishwa. Nakala apelekewe mratibu wa maafa wa halmashauri na Mganga Mkuu wa Wilaya.

Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa irudi kijijini. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na mipango ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla. Barua ikifika Mei itajibiwa kwa adabu na kusubiri mwaka mzima.

Walengwa wa mafunzo

Msijaze wajumbe watupu. Wekeni wanunuzi wa chuma chakavu, waendesha mitumbwi, bodaboda, walimu, mhudumu wa afya wa jamii na kikundi cha usimamizi wa fukwe. Wafundishwe alama ya mionzi (mapanga matatu meusi kama ya feni, kwenye rangi ya njano), na kile kitu kidogo kizito kuliko umbo lake, ambacho huenda kina madini mazito ya risasi ndani.

Kifaa cha shaka kikionekana kabla majibu hayajaja

Msikiguse wala kukifungua. Watu wote wakae mbali nacho angalau mita 30. Wapigieni simu polisi 112 au Zimamoto 114, mseme neno "mionzi", kisha toeni taarifa kwa mtendaji. Aliyekishika avue nguo za nje polepole na kuzitia kwenye mfuko wa plastiki. Hatua hiyo peke yake huondoa sehemu kubwa ya uchafu. Anawe mikono kwa sabuni, asile wala asivute sigara, na jina lake liandikwe. Asiende kuoga mtoni wala kurudi nyumbani kwa watoto mpaka mtaalamu ampime.