Jinsi ya kumkinga mbwa wako (na wewe mwenyewe) na leptospirosisi

Watu wengi wakisikia magonjwa ya wanyama pori wanawaza kung'atwa tu, kumbe leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria unaoshika mbwa na watu, unakuja kwa mkojo. Panya ndo wabebaji wakubwa, wanaishi na hao bakteria kwenye figo bila hata kuumwa, wakikojoa kwenye maji au udongo wenye unyevu bakteria wanaweza kukaa hai wiki kadhaa hadi miezi, halafu mbwa anapita anakunywa hapo au ana kidonda mguuni basi wanaingia.

Cha kwanza kabisa ni chanjo. Dozi mbili, zinapishana wiki 2 hadi 4, afu kila mwaka unarudia, na tafadhali usiruke mwaka. Usimwache anywe maji ya dimbwi, beba ya kwake. Msosi wake usilale nje usiku, unawaita panya wenyewe.

Ukimwona ana homa, anatapika, hataki kula, anakunywa maji sana au macho yamekuwa ya njano, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo, maana figo na ini vinaharibika haraka ila antibayotiki zikiwahi mara nyingi anapona.

Ukisafisha mkojo wake vaa glavu, safisha na klorini sehemu 1 kwa maji sehemu 10, nawa mikono na sabuni. Na wewe ukipata homa, kichwa na misuli ya miguu ikauma, hata kama ni wiki 3 au 4 zimepita tangu uguse mkojo wake, nenda hospitali uwaambie kabisa mbwa wako alikuwa anaumwa nini, wasidhani ni mafua tu.